Juma Moja la Kwaresima, Mwaka 1522: Mfungo, Uhuru na Jirani

Tarehe 9 Machi 1522 ilikuwa Jumapili ya kwanza katika Kwaresima, ile ambayo kalenda yetu ya Kilutheri ingali inaiita Invokavit. Siku hiyo yalitukia mambo mawili katika miji miwili iliyo mbali, na watu wa mji mmoja hawakuwa na habari za wenzao. Huko Zürich, katika Uswisi, watu wachache walikutana nyumbani kwa mpiga chapa Christoph Froschauer. Soseji mbili zilizokaushwa kwa moshi zikakatwa vipande vidogo, wakagawiana, wakala. Huko Wittenberg, Martin Luther, aliyekuwa amerudi siku tatu tu zilizopita kutoka maficho yake katika ngome ya Wartburg, alipanda mimbarani katika kanisa la mji akaanza mahubiri manane, hubiri moja kwa kila siku hadi Jumapili iliyofuata.

Wanafunzi wetu hujifunza matukio haya katika vipindi viwili tofauti, la kwanza chini ya jina la Zwingli na la pili chini ya jina la Luther, na wengi huondoka na jibu moja jepesi: Matengenezo ya Kanisa yalifuta mfungo. Tunaona kwamba jibu hilo si la kweli, na kwamba kosa hilo limetugharimu.

Kila mwaka, majivu yanapokaribia, husikika sauti mbili katika sharika zetu. Moja husema kwamba kufunga ni desturi ya Wakatoliki, na kwamba Mlutheri, akiwa amehesabiwa haki kwa imani, hana haja nayo; anabadilisha kitambaa cha madhabahu kuwa zambarau, anakuja ibada ya katikati ya juma, basi. Sauti ya pili inahubiri mfungo wa siku 7, wa siku 21 na wa siku 40 kama ufunguo: ufunge upate kazi, ufunge upate mchumba, ufunge adui yako aaibike. Sauti ya kwanza inadhani kwamba Luther yu upande wake. Ya pili haimwulizi. Sisi tunataka kumwuliza, na kabla yake kuwauliza waliomtangulia, kwa sababu swali lililobishaniwa juma lile halikuwa kama Mkristo afunge au asifunge. Swali lilikuwa: kufunga kwake kunamfaa nani?

Jina Kwaresima lina asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya arobaini, lakini siku hizo arobaini hazikuwapo tangu mwanzo. Karibu na mwaka 190, Irenaeus wa Lyon alimwandikia Victor, askofu wa Roma, barua ambayo Eusebius ametuhifadhia sehemu yake. Humo anaeleza kwamba kabla ya Pasaka wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, wengine saa arobaini. Na kwamba tofauti hiyo haikuwazuia kuishi kwa amani. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 unazitaja siku arobaini katika kanuni yake ya tano, tena kwa kupita tu, kama wakati unaojulikana. Zaidi ya karne moja baadaye, Socrates yule mwanahistoria wa Kanisa aliandika kwa mshangao kwamba mahali pamoja walifunga majuma matatu, mahali pengine sita, pengine saba, na vyakula walivyoviacha vilitofautiana, na bado kila mmoja akaita mfungo wake "arobaini". Mwenye kudai leo kwamba hesabu fulani ya siku ina nguvu ndani yake hana budi kwanza kutuambia ni hesabu ipi kati ya hizo.

Siku hizo zilikuwa za kuwatayarisha wakatekumeni kwa ubatizo wa usiku wa Pasaka. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, ametuachia habari za mafundisho waliyopewa wakatekumeni hao saa tatu kila siku, na kanisa zima likifunga pamoja nao. Katika habari zake liko jambo dogo ambalo tungependa kila mhubiri wa Kwaresima alisome. Anasema kwamba wako waliokula mara moja tu kwa juma, na wako walioshindwa kufanya hivyo. Kila mtu alifanya kadiri alivyoweza, aliyefanya mengi hakusifiwa wala aliyefanya machache hakulaumiwa.

Lakini tukitaka kujua mfungo wa Wakristo wa kwanza ulikuwa na kusudi gani, tusitazame sana tumbo la mfungaji. Tutazame chakula alichokiacha kilikwenda wapi. Aristides, akimwandikia Kaisari katika karne ya 2 kuwatetea Wakristo, anasema kwamba miongoni mwao akiwapo maskini nao wenyewe hawana ziada, hufunga siku mbili au tatu ili wampatie mahitaji yake. Katika kitabu cha Mchungaji wa Hermas, kilichoandikwa Roma katika karne hiyo hiyo, mfungaji anaagizwa kula mkate na maji tu, kisha ahesabu thamani ya chakula ambacho angekula siku ile, na fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji. Ni hesabu ya jikoni kabisa. Mtu anakaa na kupiga hesabu ya nyama, mboga na divai, anapata jumla, na jumla hiyo ina mwenyewe anayeingoja nje. Leo Mkuu, askofu wa Roma kuanzia mwaka 440 hadi 461, alilirudia jambo hilo katika hotuba zake za Kwaresima mwaka baada ya mwaka: anachojinyima mmoja kiwe shibe ya mwingine, na pamoja na chakula watu waachiliane makosa. Wote hawa walikuwa wamesoma Isaya 58.

Tuende sasa haraka, maana karne zilizofuata zilifanya lile ambalo taasisi hulifanya kwa kila jambo jema. Mfungo uliokuwa wa hiari na wa namna nyingi ukawa sheria moja. Nyama ilikatazwa, na pamoja nayo mayai, maziwa na siagi. Ubatizo wa watu wazima ulipokuwa nadra, toba ikachukua nafasi ya katekesi, na mwishoni mwa karne ya 11 majivu yaliyokuwa ya watubuo wa hadharani yakaanza kupakwa waamini wote. Hatusemi kwamba yote haya yalikuwa upotofu. Mkulima aliyefunga pamoja na kijiji chake kizima alikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita. Kusini mwa Ulaya mzeituni unamea, na mtu akiacha siagi ana mafuta. Kaskazini hakuna mzeituni. Siagi ndiyo mafuta ya maskini na ya tajiri. Basi zikatolewa hati za kuruhusu watu kula siagi wakati wa Kwaresima, na hati hizo ziliambatana na malipo. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, mnara mmoja wa kanisa kuu, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa sababu ya fedha hizo. Katika barua yake ya mwaka 1520 kwa wakuu Wakristo wa taifa la Kijerumani, Luther alilalamika kwa ukali kwamba Roma yenyewe inaudhihaki mfungo, inawalisha Wajerumani mafuta ambayo wao wasingeyapaka hata viatu vyao, kisha inawauzia ruhusa ya kula siagi.

Wengi husoma malalamiko hayo kama ugomvi wa fedha. Sisi tunaona humo jambo zito zaidi. Katika kitabu cha Hermas mtu huacha chakula, na thamani yake humwendea mjane. Katika hati ya siagi mtu hula chakula, na thamani ya ruhusa hulijenga jengo. Hesabu ni ile ile, lakini imepinduliwa, na katika kupinduliwa huko mjane ametoweka. Hakuna aliyemfukuza. Ila utaratibu ulikuwa haumhitaji tena.

Sasa twaweza kurudi Wittenberg.

Luther alikuwa Wartburg tangu Mei 1521. Wakati hayupo, wenzake walisonga mbele. Sikukuu ya Krismasi 1521 Andreas Karlstadt aliendesha Chakula cha Bwana bila mavazi ya kikuhani, akawapa watu mkate na divai mikononi mwao wenyewe. Mwezi Januari watawa wa monasteri ya Luther mwenyewe walichoma sanamu. Tarehe 24 Januari 1522 baraza la mji lilitoa agizo la kuondoa sanamu na pia la kuanzisha sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini. Mayai na nyama vililiwa siku za mfungo, na kwa wengine ulaji huo ukawa alama ya kuonyesha nani ni Mkristo wa kweli. Waliosita walidhihakiwa. Hapo ndipo Luther alipoondoka mafichoni pasipo idhini ya Mteule Frederick, na siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi, akiwa njiani katika mji wa Borna, alimwandikia mtawala huyo kwamba anakwenda Wittenberg chini ya ulinzi ulio mkuu kuliko wa Mteule. Alipotokea mimbarani alikuwa amevaa vazi lake la kitawa.

Hakuja kuwaambia kwamba wamekosea kuhusu sheria ya mfungo. Alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1520 katika kitabu chake juu ya matendo mema, kwamba wako wafungao huku wamelewa, na wako wafungao kwa samaki wengi na mapishi ya gharama hata wangekuwa karibu zaidi na mfungo kama wangekula nyama, mayai na siagi. Kitabu hicho hicho hakiufuti mfungo: kinamwambia kila mtu aupime mwenyewe kwa kadiri mwili wake unavyohitaji kutiishwa, asiuharibu. Kwa hiyo alipofika kwenye habari ya vyakula, siku ya Jumatano tarehe 12 Machi, hakuwa na haja ya kuthibitisha uhuru. Aliwauliza wanautumiaje.

Jibu lake lilitenga hali tatu. Yuko asiyeweza kuacha chakula fulani bila kudhurika, kwa ugonjwa au kwa udhaifu wa mwili. Huyo ale, wala asiogope. Yuko anayebanwa na mtu mwenye kuifanya amri ya mwanadamu kuwa sharti la wokovu. Huyo naye ale, tena mbele ya macho ya anayembana. Na wako walio wanyonge katika imani, ambao wangeamini kama wangefundishwa, lakini bado dhamiri zao zimefungwa na mazoea. Kwa ajili ya hao mwenye uhuru na aache, avumilie, afunge pamoja nao hadi wapate nguvu. Anayemjua Paulo ataitambua kanuni hii mara moja. Ndiyo ya Warumi 14, na ndiyo iliyomfanya Mtume amtahiri Timotheo (Matendo 16:3) na akatae kabisa kumtahiri Tito (Wagalatia 2:3).

Tunaomba msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo wafasiri wetu wengi hukimbia. Tazama kwamba katika hali zote tatu anayeamua mlo wangu si tumbo langu wala si Papa. Katika hali ya tatu ni jirani. Hata katika hali ya pili ninakula kwa ajili ya Injili ambayo huyo jirani anaihitaji. Uhuru ambao hauwezi kuacha soseji ni utumwa wa soseji. Nasi tumekutana na ndugu, wachungaji wenzetu wakiwamo, ambao hoja yao yote ya haki kwa imani hutoka kwa nguvu zaidi wakiwa mbele ya sahani ya nyama choma siku ya Ijumaa Kuu.

Jumamosi tarehe 15 Machi Luther alifika kwenye jambo lililomuuma. Alikuwa amezungumzia Sakramenti. Sasa akasema juu ya tunda lake, yaani upendo. Akawaambia watu wa Wittenberg kwamba wamepokea kwa Mungu mema yote, bali upendo hauonekani kati yao. Watu hao walikuwa wamevunja sanamu, wamepokea divai na wamekula mayai, yote katika muda wa miezi mitatu, na yule aliyewafundisha uhuru aliwatazama asione tunda.

Huko Zürich mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nasi hatupendi tabia ya Walutheri ya kuyadharau. Froschauer alijitetea mbele ya baraza la mji kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakitoa jasho mchana na usiku ili vitabu viwahi maonyesho ya Frankfurt, na kwamba uji peke yake haukuwatosha wala samaki hawakupatikana kila mara. Zwingli alikuwapo katika chumba kile, lakini yeye hakula. Tarehe 23 Machi alihubiri juu ya uhuru wa vyakula, na hubiri hilo likachapishwa tarehe 16 Aprili. Hoja yake ilikuwa kwamba Maandiko hayakatazi. Atakaye kufunga na afunge, ila asimfunge mwenziwe. Akaongeza neno ambalo lingetoka vema kinywani mwa mchungaji wa shamba yeyote: mtu ashikaye jembe tangu alfajiri amekwisha kuutiisha mwili wake, afadhali wavivu ndio wafunge. Baraza lilichunguza, wajumbe wa askofu wa Konstanz wakaja, na tarehe 9 Aprili ikaamuliwa kwamba kwa wakati ule nyama isiliwe katika Kwaresima pasipo sababu.

Tumewahi kulipata neno hilo la Zwingli kwa kinywa kingine. Miaka yetu ya kwanza katika uchungaji tulihudumu katika usharika wa kijijini ambako mvua ni za msimu mmoja na mavuno hungojwa hadi Mei. Kwaresima moja tulihubiri juu ya Mathayo 6 tukawahimiza washarika wafunge mlo mmoja kila Jumatano. Tulijiona tumehubiri vizuri. Baada ya ibada bibi mmoja mjane alitushika mkono mlangoni, akatusalimu, akasema kwa upole: "Mchungaji, sisi wengine tumeanza kufunga tangu Januari. Utatuambia lini tufungue?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesoma mahubiri ya Invokavit chuoni na tukafaulu mtihani wake, lakini hali ya kwanza kati ya zile tatu hatukuiona ingawa ilikuwa imekaa mbele yetu katika mabenchi. Kwaresima iliundwa katika nchi ambako mwezi wa Machi ghala zimepungua baada ya baridi. Kwetu, mahali pengi, ni wakati wa mvua, wa palizi na wa magunia matupu. Anayehubiri mfungo wakati huo lazima ajue anazungumza na nani: na yule mwenye duka, au na yule anayedaiwa dukani.

Je, warithi wa Luther waliufuta mfungo? Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inautaja kama maandalio mazuri ya nje kwa ajili ya Meza ya Bwana, huku ikisema kwamba astahiliye kweli ni mwenye imani. Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, katika kifungu cha 26, yanakana kwamba tunakataza kuutiisha mwili. Yanachokataa ni kuufanya mfungo kuwa njia ya kustahili neema. Tena kifungu hicho hicho kinalikumbuka neno la Irenaeus, kwamba kutofautiana katika mfungo hakuvunji umoja wa imani. Kwa karne kadhaa makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani yaliendelea kuitofautisha Kwaresima kwa namna mbalimbali. Katika Leipzig wakati wa Bach hata muziki mkubwa wa Jumapili ulinyamazishwa kwa muda mwingi wa Kwaresima, kana kwamba masikio nayo yalifunga. Kilichopotea polepole ni mfungo wa mlo, na ukapotea si kwa fundisho bali kwa kuzoea. Tulipewa ruhusa ya kutofunga, tukaitumia kila mwaka, hata tukasahau kwamba ilikuwa ruhusa.

Lakini mjane wa Hermas hakusahauliwa na wote. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika Saksonia, ulitunga agizo la sanduku la pamoja, na Luther akaliandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na watu wa tabaka nne: wakuu, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini, hata pasiwepo mmoja awezaye kulifungua bila wengine. Humo zilipaswa kuingia mali za kanisa na michango ya waamini, na humo walipaswa kupata riziki wazee, yatima na wagonjwa. Utekelezaji haukuwa rahisi. Baraza la mji lilisita kuziachia mali lilizozishika, na Luther alilazimika kulalamika kwa Mteule. Agizo hilo linataka pia iwekwe akiba ya nafaka kwa ajili ya wakati wa uhaba.

Tulipolifikia sharti hilo la nafaka katika masomo yetu ya baadaye, tulimkumbuka yule bibi na miezi yake. Alikuwa amekwisha kufariki. Tuliandika barua kwa mchungaji aliyetupokea katika usharika ule, tukamweleza habari za Leisnig kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, na kumwuliza kama wazee wa usharika wangekubali kwamba wenye kipato wafunge mlo mmoja kwa juma na kuleta thamani yake kwa mahindi, mwezi wa Juni wakati bei iko chini, yahifadhiwe hadi Februari. Alijibu kwamba wazee wamekubali, ila wameuliza maswali mawili: Kwaresima inawezaje kuanza Juni, na ufunguo wa stoo atakaa nao nani.